Wajamaa wa Ujerumani ya Kaiser walikuwa na nguvu, ila sio pale watu wanapoitafuta

Tangu SPD, chama cha wajamaa cha Ujerumani, iambulie asilimia 16.4 kwenye uchaguzi wa Februari 2025 kuna sentensi moja inazunguka kila mahali, eti hayo ndo matokeo yao mabaya kuliko yote tangu 1887. Kihesabu ni kweli kabisa. Mwaka 1887 walipata asilimia 10 na ushee, 1890 wakaruka mpaka karibu 20, na tangu hapo hawajawahi kushuka hivi kwenye uchaguzi wa bunge la taifa, hata ule wa Machi 1933 Hitler akiwa tayari ofisini na mabavu yamejaa barabarani walipata asilimia 18. Shida ni namna watu wanavyoisoma hiyo namba, yaani wanaona chama kilianza kidogo enzi za Bismarck, kansela (yaani mkuu wa serikali) wa wakati huo, kikakua, sasa kimerudi kilikotoka, basi, hadithi imekwisha. Lakini huo mwaka 1887 chama kilikuwa na wabunge 11 tu, magazeti yake marufuku, matawi yake marufuku, na bado kansela wa dola yenye watu wengi kuliko zote za bara la Ulaya ukiacha Urusi alikuwa anakiwaza usiku na mchana. Leo kina wabunge 120 na mawaziri serikalini na sijui ni nani anakosa usingizi kwa ajili yake.

Hoja yangu ni kwamba kwenye ile dola ya Kaiser, yaani mfalme mkuu wa Ujerumani, 1871 mpaka 1918, kura zilikuwa kipimo kibovu cha nguvu ya wajamaa. Nguvu yao ilitoka sehemu mbili: hofu waliyowatia watawala, na vile vyombo vya chini ambavyo chama na vyama vya wafanyakazi walivikamata kimya kimya, mifuko ya bima, mahakama za migogoro ya kazi, ofisi za msaada wa sheria, maduka ya ushirika. Na hivyo vyombo ndo vilikuja kuwafunga mikono Agosti 1914 Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, kwa hiyo ukitaka kuelewa kwa nini walifika mbali vile na kwa nini walinywea vile, jibu ni moja.

Kwanza tuelewane kuhusu bunge lenyewe maana hapa ndo wengi wanapotelea. Reichstag ilichaguliwa kwa kura ya siri na kila mwanaume wa kuanzia miaka 25, kitu ambacho mwaka 1871 hata Uingereza haikuwa nacho, kwa hiyo ukiangalia juu juu unaona demokrasia hii hapa. Ila kansela aliteuliwa na Kaiser na kuondolewa na Kaiser, bunge lingeweza kukataa sheria na kubana bajeti lakini kuiangusha serikali haliwezi. Desemba 1913, baada ya wanajeshi kuwaonea raia kwenye mji wa Zabern kule Alsace, wabunge walipiga kura ya kutokuwa na imani na kansela Bethmann Hollweg, 293 kwa 54, jamaa akaendelea na kazi kama vile hakuna kilichotokea. Alafu kuna Prussia, ambayo ilikuwa zaidi ya nusu ya nchi nzima, na bunge lake lilichaguliwa kwa madaraja matatu kufuatana na kodi unayolipa, kila daraja na theluthi yake, matajiri wachache uzito sawa na maelfu ya vibarua. Mfumo huo ulitumika mpaka kwenye halmashauri za miji, na pale Essen kuna kipindi daraja la kwanza lilikuwa na mpiga kura mmoja tu, bwana Krupp mwenye kiwanda cha chuma. Kwenye uchaguzi wa Prussia wa 1908 wajamaa walipata karibu asilimia 24 ya kura, wakapewa viti 7 kati ya 443. Wahafidhina na asilimia zao 14 wakaondoka na viti zaidi ya 150. Hata huko Reichstag majimbo hayakuchorwa upya tangu mwanzo, kwa hiyo miji ilivyofurika watu wa viwandani jimbo moja la pembezoni mwa Berlin lilifika wapiga kura zaidi ya 300,000 huku Schaumburg-Lippe ikiwa na kama 10,000, na kila moja linatoa mbunge mmoja.

Kwa hiyo wanaosema wajamaa walikuwa watazamaji tu kwenye siasa za Kaiser wana pa kusimamia na sitaki kuwadharau. Hata walipokuja kuwa chama kikubwa kuliko vyote mwaka 1912, kura milioni 4 na robo, asilimia 34.8, viti 110 kati ya 397, hakuna mjamaa aliyepewa hata uwaziri mdogo mpaka Oktoba 1918, dola ikiwa inakata roho. Swali ambalo hawalijibu ni hili, kama jamaa walikuwa watazamaji kwa nini serikali ilihangaika nao kiasi kile? Mtu hapotezi miaka 12 kumpiga marufuku asiye na madhara.

Sheria ya kuwazima ilipita Oktoba 1878, baada ya majaribio mawili ya kumuua Kaiser Wilhelm wa Kwanza ambayo chama hakikuyapanga lakini Bismarck alishapata kisingizio chake. Vyama vikafungwa, mikutano ikafungwa, magazeti yakafungwa, watu wakafukuzwa kwenye miji yao. Kilichobaki ni upenyo mmoja wa ajabu, mtu binafsi bado aliruhusiwa kugombea ubunge, na viongozi wa chama kina August Bebel wakautumia wote. Gazeti lao likawa linachapwa Zürich na kuvushwa mpakani kimagendo. Mwaka 1881 kura zao zilishuka mpaka 312,000, watawala wakashangilia. Mwaka 1890 zilikuwa 1,427,000, sheria ikafa, Bismarck mwenyewe akawa ameshaondolewa.

Na hapo katikati ndo bima zikaja, ya ugonjwa 1883, ya ajali kazini 1884, ya uzee na ulemavu 1889, na hapa ndo utasikia hoja dhaifu kuliko zote kwenye mjadala huu mzima, kwamba hizo bima zilikuwa zawadi ya Bismarck mtu wa kihafidhina mwenye akili, wajamaa hawahusiki, tena wabunge wao walipiga kura ya kupinga. Ni kweli walipinga ile ya 1883. Lakini kumwachia Bismarck sifa zote ni kumkatalia yeye mwenyewe ushahidi wake, maana Novemba 1884 alisimama Reichstag akasema bila kuuma maneno kwamba kusingekuwa na wajamaa, na kama watu wengi wasingekuwa wanawaogopa, hata hizo hatua za wastani zilizopigwa kwenye mambo ya kijamii zisingekuwepo. Sasa wewe unayemtetea unajua kuliko yeye? Chama chenye wabunge 24 wakati huo, kilichopigwa marufuku, kilisababisha serikali iunde mfumo wa bima wa kwanza duniani kwa ukubwa ule. Na wale wanaosema bima ziliwanunua wafanyakazi waangalie tena kura za 1890, mtu aliyenunuliwa haongezi kura za mpinzani mara nne na nusu ndani ya miaka tisa.

Ila kilichofuata ndo kitamu zaidi na hakizungumzwi sana. Sheria ya bima ya ugonjwa ilisema wafanyakazi wanachangia theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, na wanaochangia wanachagua wawakilishi kwa uwiano huohuo. Hesabu rahisi, theluthi mbili ya viti kwenye bodi ya mfuko wa bima wa mtaa ni vya wafanyakazi. Miaka ya 1890 vyama vya wafanyakazi vikaamka, vikapeleka watu wao kugombea hizo bodi, na mji baada ya mji mifuko ikawa mikononi mwao. Fundi aliyefukuzwa kiwandani kwa uanaharakati, ambaye jina lake lilishazungushwa kwa waajiri wote asipate kazi tena, sasa anaajiriwa kuwa karani wa mfuko wa bima ulioanzishwa na Bismarck ili kumzima. Mwaka 1890 hiyohiyo zikaja mahakama za migogoro ya kazi zenye wazee wa baraza wa kuchaguliwa, nusu waajiri nusu wafanyakazi, huko nako wakaingia. Mwaka 1894 Nürnberg ikafungua ofisi ya kwanza ya katibu wa wafanyakazi na miji mingine ikaiga. Mpaua mapaa kaanguka, kavunjika, chama cha waajiri kinachosimamia bima ya ajali kinamwandikia barua kwamba bado anaweza kufanya kazi kwa sehemu kubwa kwa hiyo pensheni yake ni kiduchu, yeye anaichukua ile barua anaenda nayo kwa katibu, katibu anamwandikia rufaa bure na siku ya kesi anasimama naye. Huyu mtu hajasoma Marx na hatamsoma. Uchaguzi ukifika anajua pa kuweka kura.

Ukitaka kulinganisha leo na 1887 linganisha hapa, sio kwenye asilimia. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Ujerumani, DGB, lilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 11 mwaka 1991 baada ya nchi kuungana, sasa hivi hawafiki milioni 6. Kwangu hiyo ndo habari kubwa kuliko 16.4.

Turudi kwa vyama vya wafanyakazi vyenyewe. Marufuku ilipoisha 1890 viliunda kamati kuu moja, mwenyekiti wake Carl Legien, mkereza mbao kama alivyokuwa Bebel (sijui kulikuwa na nini kwenye mashine za kukereza, maana hata Richard Müller aliyekuja kuongoza migomo ya Berlin wakati wa vita alikuwa mkereza vyuma). Wakati huo wanachama walikuwa kama 300,000. Mwaka 1904 wakapita milioni, 1913 walikuwa milioni 2 na nusu, na hapo sijahesabu vyama vya Kikristo na vile vya kiliberali. Tusiwapambe lakini, walipigwa sana. Makuli wa bandari ya Hamburg waligoma wiki 11 kuanzia Novemba 1896 wakarudi kazini mikono mitupu. Wafumaji wa Crimmitschau huko Saxony waligoma 1903 kuingia 1904 wakidai siku ya kazi ya masaa kumi, wakapewa michango kutoka nchi nzima, wakashindwa. Wachapaji na wajenzi walipata mikataba ya hali bora, ila matajiri wa makaa na chuma walikataa hata kukaa meza moja na chama, msimamo wao ulikuwa kwamba kiwanda ni nyumba yangu na ndani ya nyumba yangu naamua mimi.

Sasa angalia mgomo wa Ruhr wa Januari 1905 maana unaonyesha nguvu ya aina gani tunaizungumzia. Mchimbaji alikuwa analipwa kwa vigari vya makaa, kigari kikifika juu kikaonekana kina mawe mengi au hakijajaa vizuri kinahesabiwa sifuri, hulipwi hata senti, na makaa yaliyomo tajiri anayachukua vilevile. Ukichanganya na muda wa kushuka na kupanda shimoni kuongezwa bila malipo, wachimbaji kama 200,000 wakaweka zana chini, wajamaa, Wakatoliki, Wapoland, wote pamoja. Mwezi mmoja baadae mfuko wa mgomo ulikuwa umekauka wakarudi kazini bila makubaliano yoyote na wenye migodi, kwa hiyo kwenye karatasi walishindwa. Lakini serikali ya Prussia iliogopa, ikapeleka muswada, na kabla mwaka haujaisha mchezo wa kuhesabu kigari sifuri ulipigwa marufuku kisheria, muda wa zamu ukawekewa mipaka na kamati za wafanyakazi zikawa lazima kwenye migodi mikubwa. Sheria hiyo ilipitishwa na bunge lile la madaraja matatu ambalo wajamaa hawakuwa na kiti hata kimoja!

Nguvu ya namna hiyo ilifika mpaka kwetu. Shuleni tulisoma Majimaji, Kinjeketile, Wamatumbi, Wangoni, mwalimu hakutuambia kwamba upande wa pili wa bahari kulikuwa na watu wanaibishia serikali yao kwa ajili ya makoloni. Machi 1896 Bebel alisimama Reichstag akamwanika Carl Peters, aliyekuwa kamishna wa Kijerumani kule Kilimanjaro, kwa kuwanyonga watu wawili hukohuko, Mabruk na yule binti Jagodia. Barua moja aliyoitumia Bebel ilikuja kuonekana ni ya kughushi, ila kunyonga kwenyewe Peters hakuweza kukukana, na 1897 mahakama ya nidhamu ikamfukuza kazi. Desemba 1906, vita ya Namibia inaendelea na huku kwetu Majimaji inazimwa kwa njaa na moto, wajamaa na chama cha Wakatoliki waliikatalia serikali nyongeza ya mark milioni 29 za vita ya Namibia, kansela Bülow akavunja bunge. Uchaguzi wa Januari 1907 ukapigwa kwa ngoma ya uzalendo na wajamaa wakaporomoka kutoka viti 81 mpaka 43, ingawa idadi ya kura zao iliongezeka, vyama vingine viliungana tu dhidi yao kwenye duru ya pili. Unaweza kusema walishindwa. Ila mwaka huohuo ndo ikaundwa wizara kamili ya makoloni, waziri wake Dernburg akaja mwenyewe Afrika Mashariki kukagua, na utawala ukaanza kuongea lugha ya mageuzi. Nisiwafanye malaika pia, maana kwenye mkutano wa kimataifa wa wajamaa Stuttgart Agosti 1907 ujumbe wa Ujerumani wengi wao waliunga mkono azimio la kusema ukoloni wa kijamaa unaweza kuwa kitu kizuri, likashindwa 127 kwa 108. Walipinga kiboko, koloni lenyewe wengi wao hawakuwa na tatizo nalo.

Na hapo ndo tunaanza kuuona ule upande wa pili wa hoja, wa watu wa mrengo wa kushoto, wanaosema wajamaa hawa walikuwa na nguvu za kutosha kuiangusha dola ila viongozi wakauza. Hii ni hoja nzito kuliko ile ya utazamaji. Mwaka 1914 chama kilikuwa na wanachama zaidi ya milioni moja, magazeti ya kila siku kama 90, na Agosti 4 wabunge wake wote wakasimama kupitisha mikopo ya vita, siku moja baada ya kikao chao cha ndani kuamua 78 kwa 14. Hugo Haase, mmoja wa wenyeviti wa chama, aliyekuwa kwenye wale 14 waliokataa ndo akapewa kazi ya kusoma tamko. Ukiiangalia siku hiyo peke yake ni usaliti mtupu. Lakini vyama vya wafanyakazi vilishakubaliana Agosti 2 kusimamisha migomo yote, kabla wabunge hawajakaa, na ukitaka kujua kwa nini wao ndo walitangulia inabidi urudi Mannheim 1906, ambapo chama kilikubali kwamba mgomo mkuu wa kisiasa hauitishwi bila vyama vya wafanyakazi kuafiki. Rosa Luxemburg wa mrengo wa kushoto wa chama alipiga kelele, alishaona migomo ilivyoitikisa Urusi kwenye mapinduzi ya 1905. Legien na wenzake wakaona ni wendawazimu.

Mimi simwoni Legien kama msaliti kwenye hilo, na hapa ndo naachana na hao jamaa. Mwaka 1900 vyama vilikuwa na waajiriwa wa kudumu chini ya 300, kufika 1914 walikuwa karibu 3,000. Kuna majengo, kuna akiba za mamilioni ya mark, kuna mifuko ya bima yenye makarani wao, kuna makatibu wa sheria, na vyote hivyo polisi anaweza kuvifunga asubuhi moja kama 1878. Mtu mwenye nyumba haiombei mtaa moto. Ukiongezea na hofu ya Urusi, ambayo mfanyakazi wa kawaida wa Kijerumani alikuwa nayo kweli, unapata Agosti 1914 bila kuhitaji hongo wala njama. Kosa ninaloliona ni lingine kabisa: walisahau kwamba vyombo vyao vyote vilitokana na kuogopwa, wakadhani sasa vinaweza kulindwa kwa kuaminika.

Na kwa muda ilionekana wako sahihi. Sheria ya Desemba 1916 iliyolazimisha wanaume wa miaka 17 mpaka 60 kufanya kazi za vita iliwapa kamati za wafanyakazi kwenye kila sehemu ya kazi ya vita yenye watu zaidi ya 50, mpaka kwa Krupp, kitu ambacho miaka 25 ya migomo haikukipata. Gharama yake ni kwamba Januari 1918, njaa ilipowachosha watu na mamia ya maelfu wakagoma Berlin, mgomo uliitishwa na wawakilishi wa viwandani nyuma ya migongo ya viongozi wa chama, na viongozi wakajiunga ili waumalize. Novemba Kaiser akakimbia, Ebert, kiongozi wa SPD na fundi matandiko ya farasi, akawa mkuu wa serikali, na tarehe 15 mwezi huo matajiri wa viwanda wakiongozwa na Hugo Stinnes wakasaini na Legien mkataba wa kuvitambua vyama na kuweka siku ya kazi ya masaa nane. Watu walewale waliokataa kukaa meza moja 1905 sasa ndo wanahangaika kuitafuta meza, kwa sababu nje kulikuwa na askari wa mapinduzi wenye vitambaa vyekundu mikononi na walijua mbadala wa Legien ni nani. Legien aliona ni ushindi wa maisha yake na siwezi kumlaumu. Mapinduzi yakatulia, wenye vitambaa vyekundu wakapigwa, na Legien mwenyewe akafa 1920. Desemba 1923 serikali ikatoa amri inayoruhusu masaa kumi kurudi, na wenye viwanda vya chuma hawakuchelewa kuitumia.